Manette ya Pili

Ile manette ya pili ilikuwa na joto.

Emérence aliishika asubuhi moja ya ukungu akipangusa vumbi, mume wake Élysée akiwa ametoka kwenda chooni. Manette, kwa asiyeijua, ni kile kidude chenye vifungo kinachoshikwa kwa mikono miwili, ambacho watu wazima wenye ndevu zao hukitumia kukimbiza wachezaji wa mpira ndani ya kioo cha kompyuta. Zilikuwa mbili. Ya Élysée ilikuwa juu ya kiti chake. Ya pili ilikuwa juu ya kiti cha wageni, nayo ilikuwa na joto la kiganja cha mtu aliyeiacha sasa hivi. Na mle chumbani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na harufu tu ya maziwa yaliyoungua, na nyumba ile ilikuwa haijachemsha maziwa tangu Jumapili.

Mwanamke mwingine angepiga magoti asali. Emérence aliinama akachungulia chini ya meza, kisha akaenda kukagua dirisha. Yeye hakumwogopa shetani hata kidogo. Aliyekuwa akimwogopa ni mwanamke.

Wivu wake ulijulikana kilimani kote, sina haja ya kuuficha. Zamani, Élysée alipokuwa akifanya kazi Mubi, kule msituni Walikale, Emérence alisikia sauti ya kike kwenye simu. Akapanda pikipiki, akala matope ya barabara nzima, akafika amepakwa udongo mpaka kwenye nyusi, kuhakikisha ile sauti ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mama muuza mikate. Alirudi na mkate mmoja, hakuomba msamaha kwa mtu.

Kwa hiyo vita vilipofunga ofisi ya shirika lao na kila mfanyakazi akaambiwa afanyie kazi nyumbani, wengine huku kwetu Masisi walilia, yeye akashangilia. Bwana yuko chini ya macho sasa! Kazi yenyewe ilikuwa kupigia simu wafanyabiashara wa masoko, kuuliza bei ya maharagwe na mihogo, na kuiandika ndani ya kompyuta. Lakini bei ya maharagwe haimalizi siku. Saa za kazi zilizobaki Élysée alifunga mlango akacheza mpira wa kwenye kioo, huku mkubwa wake akidhani anahesabu magunia.

Majirani nao, midomo haina likizo. Huku kwetu mwanamke wa pembeni wa mume wa mtu anaitwa biro ya pili, yaani ofisi ya pili, basi wakamtania kisimani: "Emérence, biro ya kwanza imehamia nyumbani. Na ile ya pili, itabakia wapi?" Alicheka nao. Akarudi nyumbani ndoo ikimwagika njia nzima.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Verdiane, mjane wa nyumba ya chini, aliyezoea kuja kuchaji simu kwenye paneli yao ya jua. Alimkamata kwenye njia ya shamba.

"Unafanyaka nini mu chumba ya bwana yangu?"

"Mimi?" Verdiane alishika kifua. "Dada, ule bwana yako hata salamu hanijibuke! Macho iko mu kompyuta tu." Kisha akasogea, akashusha sauti. "Lakini nikuambie kitu, usikasirike. Jana nilikuya kuchukua simu, nikaangalia mu dirisha. Ile kitu ya pili ya kuchezea ilikuwa juu ya kiti. Vifungo vinashuka, vinapanda. Mukono hakuna. Nilikimbia, na simu nikaiacha."

"Muongo wewe."

"Haya, muongo. Lakini kwako sirudi."

Emérence aliondoka akijisemea kwamba mwizi hakosi hadithi. Wivu ni kidonda, wahenga walisema, ukishiriki utakonda, na yeye alikuwa amekwisha konda mpaka pete ya ndoa ilikuwa inacheza kidoleni.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo huwezi kuelewa alivyojiponza. Ukoo wa Élysée ni walima maharagwe wa kilima kile tangu babu wa babu yao. Ni Wakristo, ndoa wanafunga kanisani kama watu wote, lakini kwao padri anafungisha ndoa, nyumba inafungishwa na mwiko. Bibi harusi hata akilala pale mwaka mzima ni mgeni tu. Siku mwenye nyumba akimpakulia kutoka chungu cha nyumba na kumpa mwiko mkononi, siku hiyo ndiyo anakuwa mtu wa pale. Mama mkwe wake Emérence, Mungu amlaze pema, alimpa ule mwiko mweusi wa kusongea bugali na kumwambia: "Toka leo, mutu akiita mwenye nyumba, njo wewe utaitika." Emérence alilia siku ile. Alikuwa akiuosha kwa mkono wake, hakumruhusu mtu mwingine kuugusa.

Siku ya siku ilikuwa adhuhuri, ukungu umekaa mlangoni kama ng'ombe asiyetaka kufukuzwa. Emérence alikuwa jikoni akisonga bugali. Akasikia Élysée anacheka. Kisha, chini ya kile kicheko, akasikia kingine, chembamba, cha pua, kilichochelewa kidogo halafu kikaendelea baada ya cha Élysée kwisha. Na vifungo: ta-ta-ta vya huyu, ta-ta-ta vya yule.

Kilichomuuma zaidi ni kicheko cha mume wake. Alikuwa hajakisikia tangu mwaka wa harusi yao. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa kwenye kile kiti cha wageni na kuomba afundishwe, na Élysée akamwambia bila kugeuka, "Chérie, hautaweza, utaharibu vifungo." Alikuwa amelimeza hilo. Sasa likapanda.

Alipakua sahani mbili, mwiko kwapani, akavuka uwanja, akausukuma mlango wa chumba cha kazi kwa mguu. Élysée alikuwa peke yake.

"Eko wapi?"

"Nani?"

"Ule mwenye kucheka!"

Élysée aliweka kidole mdomoni. "Usiseme kwa nguvu, nakuomba. Haniletee mubaya. Anakuyaka saa ya kazi tu, saa kumi anaenda. Siku moja nilichoka kucheza na mashini, nikasema, kama kuko mutu hapa, akamate ile ingine." Alionyesha kiti cha wageni. "Akakamata."

Mimi ningeuliza kama ni jini au ni mzimu. Wewe pia. Emérence aliuliza, "Ni mwanamuke?"

Élysée aliangalia miguu yake. "Anachekaka kama mwanamuke."

Basi, yalikwisha. Macho yalimjaa giza. "Kumbe mugeni yako ananicheka akiwa na njaa, mu nyumba yangu! Haya, akule!" Alibwaga sahani juu ya kiti cha wageni, bugali na sombe yake ya majani ya mihogo, mvuke unapanda. "Na mwiko huu hapa! Akupikie yeye, mi nimechoka!" Akautupa kando ya sahani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo Waswahili. Emérence hakungoja ya tatu, na alichotoa hakikuwa jembe.

"Emérence," Élysée alinong'ona, uso umekuwa majivu, "umefanya nini? Ule hakuwa na ruhusa ya kupita ule mulango."

Kiti cha wageni kililia, kama kinavyolia mtu mzito akiinuka, na ule mwiko ukapanda hewani taratibu mpaka usawa wa kiuno, ukampita Emérence karibu kabisa hata akasikia baridi yake kwenye mkono na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikimjaa kooni, na nyuma ya mwiko nyayo zikafuata juu ya saruji, nyayo za miguu mitupu iliyolowa, moja, na nyingine, na nyingine, bila haraka, kama za mtu anayeijua nyumba, zikatoka, zikavuka uwanja ndani ya ukungu, zikaingia jikoni, na mfuniko wa chungu ukafunuliwa.

Saa kumi ilifika, ikapita. Nyayo hazikuondoka.

Asubuhi Emérence aliamka akakuta moto umewashwa, bugali imesongwa, maharagwe yamekolea chumvi. Sahani ya Élysée ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa. Nyingine, ndogo, ilikuwa peke yake juu ya kigoda karibu na mlango, pale tunapomkaribisha mpita njia. Alielewa ni ya nani. Hakuigusa. Lakini Élysée alikula, macho amefumba kwa hofu, akatafuna, akatafuna tena polepole, na neno likamponyoka: "Tamu." Neno hilo lilimchoma Emérence kuliko nyayo zote.

Alimwendea Adelaïde, mama wa maombi anayejua zaburi na kuyajua pia yale ambayo wazee waliyajua kabla ya zaburi. Adelaïde alifika kwenye uzio, akavuta hewa, hakuingia.

"Hii kitu ilikuwa inapita njia yake," alisema kwa sauti ya chini. "Bwana yako aliifungulia muchezo, wewe ukaifungulia nyumba. Mwiko uliutoa na mukono yako, utaukamata na mukono yako. Sikiliza. Bwana yako asimame hapa inje, aite jina yako mara moja tu. Itika mbio, ingia jikoni, ukamate mwiko, utoke, tuuchome. Ikiitika mbele yako, kimbia vilevile, usiangalie nyuma. Na chakula ya ile chungu, hata kijiko kimoja, usikule! Ukikula umekubali. Utakuwa mugeni mu nyumba yako mpaka kufa."

"Na Élysée? Alikula."

Adelaïde aliutazama moshi wa jikoni. "Njo maana nasema kimbia."

Walisimama watatu uwanjani, Adelaïde naye amejikaza akavuka uzio, jikoni moshi ukitoka kwa utulivu. Adelaïde akaanza kuomba kwa mnong'ono, akampa Élysée ishara.

"Emérence!" aliita.

Emérence alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, jikoni wakaitika.

"Niko hapa, bwana yangu. Chakula iko tayari."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Si sauti yake ya sasa, yenye mikwaruzo na maswali, ilikuwa ile ya mwaka wa harusi, nyororo, isiyoshuku mtu, ambayo hata yeye alikuwa ameisahau, na aliposikia jinsi ilivyo tamu moyo ulimgeuka, na Adelaïde akapiga kelele, "Kimbia! Kimbia, dada, usigeuke!" na mlango wa jikoni ulikuwa wazi hatua chache tu mbele yake, na mwiko aliuona kabisa umeegemea figa, ungeshikika, na yeye alikuwa na miguu yenye nguvu ya kufika, angefika, lakini kitu kimoja tu alitaka kukijua kwanza.

Aligeuka kumwangalia mume wake usoni. Alitaka kuona kama amefurahi.

Élysée alikuwa anatabasamu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na anatabasamu. Akampita mke wake kama mtu anavyopita mti wa njiani, akainama mlangoni, akaingia. Mlango ukajifunga. Emérence aliugonga mpaka ngumi zikatoka damu, akiita jina la mume wake, akitukana, akibembeleza, na kutoka ndani hakuna aliyejibu. Alisikia vijiko tu. Adelaïde ndiye aliyemwondoa pale, kwa kumkokota.

Siku hizi Emérence yuko Shasha, kwa shangazi yake, anaanika samaki kando ya ziwa. Wanaopita kilimani wanasema nyumba ile inafuka moshi kila siku, uwanja umefagiliwa, na saa za kazi zote vicheko ni viwili. Shirika halina lawama. Bei za maharagwe zinafika kila Ijumaa, zimeandikwa safi.

Simu yake huita adhuhuri. Ni namba ya Élysée. Siku za kwanza hakupokea. Jana alipokea. Alisikia vifungo, ta-ta-ta, na mume wake akicheka kwa mbali kile kicheko cha zamani. Kisha sauti ya Emérence mwenyewe, karibu kabisa na sikio, bila ubaya wowote:

"Karibu, mugeni. Tumekuwekea sahani yako. Inapoa."

Emérence alikata. Alirudi kuanika samaki. Maneno ya Adelaïde aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Sahani ya kwenye kigoda aliikumbuka pia. Lakini alikuwa anafikiria vile viti viwili, na nani amekaa kwenye cha pili, na amekaa karibu kiasi gani.

"Shangazi," aliuliza, "pikipiki ya kwenda Sake, njia ya kwetu, inapitaka saa ngapi?"

"Unaenda kutafuta nini kule, mutoto yangu?"

"Nitaangalia tu. Nitaangalia, nirudi."

Na akaanza kutafuta viatu vyake.