Mizani Ndani ya Lifti

Kila Jumamosi asubuhi mama hubeba kisanduku chake cha spana na kwenda kukagua lifti za jengo la ghorofa kumi na mbili. Ni fundi, na hurudi na grisi hadi viwikoni. Jumamosi hiyo alituruhusu, mimi na Chiriku, rafiki yangu asiyefunga mdomo, tupande lifti moja na mizani ya kupimia uzito.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuuliza: mtu aliyefungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha atajuaje kama chumba kinakwenda? Wawili watakaojibu vizuri zaidi wangeiwakilisha shule kwenye maonyesho. Niliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Nilisimama juu ya mizani, Chiriku akisoma na kuandika daftarini. Lifti ilipoanza kupanda, mshale uliruka hadi arobaini. Katikati ya safari ukatulia kwenye thelathini na sita, uzito wangu wa kila siku. Karibu na ghorofa ya juu ukashuka hadi thelathini na mbili.

"Makubwa! Umenenepa na kukonda kwa dakika moja," Chiriku alicheka.

"Mizani mbovu hiyo," nilisema. Nikachukua ufutio, nikaandika thelathini na sita kote.

Mama alipolitazama daftari alikunja uso. "Mwanangu, hapa umefuta nini?"

Nikamweleza. Aibu ilinijaa.

"Panda tena, ufumbe macho."

Lifti ilipoondoka, miguu ilielemewa. Katikati sikuhisi kitu, ningeapa tumesimama. Ilipopunguza mwendo, tumbo likawa jepesi. Chiriku alisoma namba zile zile tatu, akaziandika upya. Kumbe mizani ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa nimefuta jibu lenyewe!

Jumatatu tulimkabidhi mwalimu daftari, nikakiri habari ya ufutio. Alizisoma namba moja baada ya nyingine.

"Chumba kikienda kwa mwendo usiobadilika," alisema hatimaye, "aliye ndani hawezi kujua kama kinakwenda au kimesimama. Kikibadili mwendo, anajua. Siku mtakayosoma habari za mwendo wa nuru, na za saa mbili ambazo moja husafiri kwa kasi kubwa na kurudi ikiwa nyuma ya nyingine, mtauliza hilo hilo: ipi imebadili mwendo? Haya, maonyesho mtakwenda nyinyi."

Chiriku aliruka kwa furaha. Mwalimu akafunua ukurasa wenye alama za ufutio.

"Na huu pia utakwenda, watu wauone. Namba usiyoielewa usiifute, binti. Ipime tena."