Kaptula za Lastiki

Kila alipotoka shule, Karani alisikia mlio wa cherehani kabla hajaufikia mlango. Mama yake alikuwa fundi, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, nguo za wateja zilining'inia ukutani, na kiroba cha vipande vya vitambaa kilijaa chini ya meza ya kukatia. Kwenye mkeka, mbali na pasi ya moto, alikaa mdogo wake wa miaka minne. Mkono mmoja biskuti, mkono wa pili chupa ya juisi, na mbele yake simu ya mama imeegemezwa kwenye kopo la vifungo ikimwonyesha katuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niandikie kipimo cha huyu mteja kabla sijasahau. Kiuno thelathini na nne. Yeye mwenyewe kaniambia thelathini na mbili, lakini mimi nashona cha futi, sishoni cha mdomo wake."

Ndiyo maana akaitwa Karani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila jambo lililohitaji kalamu katika nyumba ile lilipitia mikononi mwake. Mama alijua kusoma, ila kwa kuvutavuta, na alipenda kusema kwamba macho yake alishayauza kwa sindano.

Mdogo wake walimwita Bonge. Jina hilo halikuwa dhihaka, mama mwenyewe ndiye aliyelitoa, tena kwa fahari. Kati ya Karani na Bonge alizaliwa mtoto mwingine wa kike. Mtoto yule aliugua, akakataa kula, akapungua mpaka mama akawa anambeba kwa mkono mmoja huku akifunga mlango kwa mkono mwingine. Walimzika kabla hajajua kutembea. Tangu siku hiyo mama hakuvumilia kuona mfupa wa mtoto. Bonge alilishwa akiwa na njaa, alilishwa akiwa ameshiba, alilishwa akilia, na alilishwa ili asilie. Jirani mwenye duka akipita na kusema, "Mtoto kanawiri huyu!" mama hushona siku nzima akiimba.

Sasa sikiliza ajabu ya fundi huyu. Aliwapima watu wa mtaa mzima, wanene kwa wembamba, lakini hakuwahi kumzungushia mwanawe futi kiunoni. Kaptula zake alizishona kwa kukisia, na zote akaziwekea lastiki. Kifungo kikizidiwa hukatika, na mwenye nguo akajua kuna jambo. Lastiki haina neno, yenyewe huvutika tu. Kwa hiyo nyumbani kwa fundi hakuna nguo iliyowahi kulalamika.

Aliyelalamika alikuwa muuguzi wa kliniki. Alimpima Bonge, akaitazama chati yake, na uso wake haukucheka.

"Mama, kilo ishirini na nne kwa umri huu ni nyingi mno," alisema kwa upole. "Nitakuandikisha kwenye masomo yetu ya wazazi. Yanakuja kwenye simu kila wiki: video fupi, halafu maswali. Mwisho unajaza uzito wa mtoto, baada ya kumpima kwenye mizani ya zahanati yoyote iliyo karibu. Namba zikizidi kupanda nitaziona, na nitawaita siku hiyohiyo."

Mama aliitikia vizuri, lakini njiani alikuwa anafoka. "Nimezika mtoto kwa kukonda, leo naletewa somo la kumnyima chakula huyu! Karani, hayo maswali utajibu wewe. Mimi nina sare za shule za kushona."

Karani alijibu. Maswali yalikuwa mepesi, hata hakuhitaji kuitazama video. Aliiacha icheze mbele ya Bonge, kwa sababu ilianza na chungwa la kuchorwa lenye miguu na kofia, na mtoto alilipenda chungwa hilo kupita kiasi. Basi somo likaja nyumbani kwa ajili ya mama, na mwanafunzi pekee aliyehudhuria akawa Bonge, tena mdomo umejaa biskuti.

Ulipofika wakati wa kujaza uzito, Karani aliuliza, "Mama, tunakwenda lini kumpima?"

"Na kazi hii yote? Weka wowote," mama alisema, akikata uzi kwa meno.

Karani akaweka ishirini na nne. Wiki zilizofuata akashusha kidogo, kwa kuwa alijua ndilo jibu ambalo muuguzi angelipenda. Ujumbe ulirudi upesi: "Hongera sana mama! Endelea hivyohivyo." Aliusoma kwa sauti, mama akacheka mpaka akasimamisha cherehani. "Kumbe nafaulu na sijui!" Wakacheka wote wawili.

Hata hivyo, Karani hakuwa na amani. Alimwona mdogo wake akipanda ngazi fupi za mlangoni na kupumzika katikati kama mzee. Alimsikia akikoroma kuliko mtu mzima. Alipomwambia mama, aliambiwa watoto wote wanakoroma. Angeweza kumwandikia muuguzi ukweli, lakini aliogopa kuzipoteza zile hongera.

Siku moja wakati wa chakula, Bonge aliisukuma sahani yake. "Tumbo likisema basi, ni basi," alisema.

"Maneno hayo kakufundisha nani?" mama aliuliza.

"Chungwa."

"Chungwa halikukuzaa. Fungua mdomo."

Akaufungua, kijiko kikaingia.

Yakaja mafua. Jumamosi moja mchana, Bonge alilala kwenye mkeka huku Karani akishona vifungo na mama akikimbizana na sare za wateja. Mtoto alikoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza. Mama alikuwa amesimamisha cherehani ili abadilishe uzi, na katika kimya hicho Karani aligundua kwamba hakuna sauti yoyote kutoka kwenye mkeka. Akageuka. Kifua cha mdogo wake kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini hewa haikuingia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Mama! Bonge hapumui!"

Mama aliruka, akamnyanyua. Mtoto alishtuka, akavuta pumzi moja ndefu ya kukwaruza, kisha kichwa kikalegea tena. Mwenye duka aliwapakia kwenye gari lake la mizigo. Njia nzima mama alikuwa akimtikisa na kumwita, na Karani alikuwa akilia bila kujifuta.

Hospitalini walimwekea Bonge kifaa cha hewa usoni. Daktari alikuwa kijana mwenye maneno machache. "Nahitaji uzito wake nipime dawa," alisema.

Msaidizi wake alikuwa ameshalitafuta jina la mtoto kwenye kompyuta. "Uko humu, daktari, kwenye rekodi za masomo ya wazazi. Umejazwa juzi tu. Kilo ishirini na mbili."

Daktari alimtazama Bonge, akaitazama kompyuta, akashika kalamu. "Mama, ni sahihi?"

Mama alitazama sakafu. Karani aliitazama kalamu ya daktari. Akinyamaza, mdogo wake atapewa dawa ya mtoto ambaye hayupo, mtoto mwembamba aliyetungwa na yeye kwenye simu. Akisema, watu wote mle chumbani watajua.

"Si sahihi," alisema. "Uzito huo niliutunga. Hatujawahi kumpima."

Mama akainua macho kutoka sakafuni. "Msimlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyemtuma."

Daktari hakupoteza muda kugomba. Mama alipandishwa kwenye mizani akiwa amembeba Bonge, kifaa cha hewa kikishikiliwa kando, kisha akapandishwa peke yake. Wakatoa hesabu. Kilo ishirini na nane.

Usiku ule hawakuruhusiwa kuondoka. Asubuhi walielezwa kwamba tezi za kooni zilikuwa zimevimba, na mafuta ya shingoni yakaibana njia ya hewa iliyokuwa nyembamba tayari. Mafua yalikuja kumalizia tu. Tezi zingehitaji kukatwa, na sukari ya damu nayo ilikuwa imeanza kupanda.

Muuguzi wa kliniki alipopata habari, alikuja wodini. Karani alitamani kujificha chini ya kitanda. Mama hakumpa nafasi ya kusema kwanza.

"Nesi, nilidhani kifo kina mlango mmoja," alisema, machozi yakimtoka. "Yule mwenzake alikonda akafa. Nikaubana mlango ule, nikauacha mwingine wazi. Tena nikawa ninaufungua mwenyewe, kwa kijiko."

Muuguzi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono. "Pole, mama. Hukumlisha kwa ubaya, ulimlisha kwa hofu. Lakini mngeniambia ukweli, ningewaita mapema, kabla ya haya." Akamgeukia Karani. "Ulipata maswali yote, hukukosa hata moja. Ila mtihani ule haukuwa wako, ulikuwa wa mama. Nami nina kosa langu. Nilifurahia namba nzuri, sikuja kumwona mtoto. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Safari hii kilio kimebisha hodi kikarudi. Msikiite tena."

Bonge alikatwa tezi, akapona kidonda. Siku waliyorudi nyumbani, mama hakuwasha cherehani. Alichukua mkasi, akazikusanya kaptula zote za mtoto na kuzifumua kiunoni, akizivuta lastiki moja baada ya nyingine mpaka zikajaa sakafuni. Kisha akachukua futi, akamzungushia mwanawe kwa mara ya kwanza. Alisoma kipimo, akalia. Halafu akazishonea kaptula zile mikanda ya kiunoni yenye kifungo.

Kazi iliyofuata haikuwa nyepesi. Bonge aliililia juisi kwa siku nyingi, na kila alipolia mkono wa mama ulinyooka kuelekea kabatini. Badala yake alisimama, akatoka naye uani kurusha mpira wa vitambaa alioutengeneza kwa mabaki ya kiroba. Wateja walisubiri. Mmoja aliondoka na kitambaa chake akinung'unika, mama akamwacha aende.

Masomo yalipoanza upya, cherehani ilizimwa na wote watatu wakakaa mkekani. Hapo ndipo ilipojulikana nani alikuwa msomi wa nyumba.

"Sasa chungwa litasema maji!" Bonge alisema. Kweli, chungwa likavua kofia na kusema mtoto mwenye kiu apewe maji.

"Makubwa!" mama alisema. "Mwanangu alikuwa ananifundisha, nami namziba mdomo kwa kijiko."

Miezi ikapita. Jioni moja Karani aliona kaptula za mdogo wake zimekuwa fupi, magoti yote nje. Walikuwa wametoka kumpima zahanati siku hiyo, na Karani alishika simu bila kubonyeza.

"Mama, kilo hazijapungua. Ni zilezile za mwezi uliopita. Nesi atachukia?"

"Si alituambia? Hatakiwi apungue, anatakiwa arefuke bila kuongezeka uzito. Andika kama ilivyo. Na hata zingekuwa zimepanda, ungeandika zimepanda." Mama alikuwa amemsimamisha Bonge juu ya kiti, anafumua pindo la kaptula ili alishushe. Kifungo cha kiunoni kilikuwa kimefungwa pale pale kilipokuwa kikifungwa. "Sikiliza, mwanangu. Mteja akinidanganya kipimo, hasara yake ni nguo. Nitaifumua, nitaishona tena. Mtu hafumuliwi. Ukimdanganyia kipimo mtu, unaweza usipate nafasi ya kurekebisha. Sisi tumepewa nafasi hiyo, wengine hawaipati."

Karani akaandika namba ya kweli, akaituma. Mama akabana pindo kwa pini, akamwambia Bonge asimame wima.