Namba za Mgongo wa Baba

Kila jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, Karani alifagia nywele sakafuni, akapangusa viti, kisha akachukua daftari kwenye rafu ya mafuta. Karani halikuwa jina lake. Baba yake, kinyozi, alimpachika jina hilo siku daktari alipowapa kazi ya kuandika. Kwa wiki sita Baba afanye mazoezi, na kila siku maumivu ya mgongo wake yapewe namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Namba hizo zingesaidia kuamua kama afanyiwe upasuaji wa kuwekewa diski bandia mgongoni.

Baba alifanya mazoezi nyuma ya pazia, amelala chali kwenye mkeka, akivuta goti moja kifuani kisha jingine.

"Leo ngapi, Baba?"

"Saba. Na mguu wa kushoto umekufa ganzi tangu saa nane."

Karani akaandika: *Tatu. Mguu mzima.*

Mchezo huo aliuanza wiki ya tatu. Siku hiyo dereva mmoja wa lori alikuwa kitini, shingo imefungwa kitambaa, mdomo haujafungwa.

"Kinyozi, nasikia wanataka kukutia chuma. Shemeji yangu alikatwa mgongo, mpaka leo anabebwa kama gunia."

"Tulia basi," Baba alisema. "Sikio lako liko jirani na wembe."

Watu walicheka. Karani hakucheka. Alijiambia kwamba namba zikiwa ndogo, hakuna atakayemkata baba yake. Na ni yeye huyo huyo aliyewahi kuandika insha juu ya methali "Mficha maradhi kifo humuumbua", akapata alama nzuri kuliko darasa zima.

Wiki sita zilipotimia, walikwenda hospitali. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alipitisha kidole kwenye daftari.

"Saba, saba, sita. Halafu tatu, tatu, mbili. Mazoezi yamekusaidia sana, mzee. Upasuaji tuuweke kando, turudi kuonana baada ya miezi sita."

Baba alikuna kidevu. "Mimi naona kama maumivu yamezidi, Daktari. Lakini daftari haliwezi kukosea. Labda nimeanza kudeka."

Akashika ukingo wa meza, akainuka. Alipopiga hatua, soli ya kiatu cha kushoto iliburuta sakafuni. Karani aliusikia mburuto ule, akajua hawezi kutoka mle chumbani akiwa kimya.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nimeandika uongo."

Baba akageuka polepole. Daktari akavua miwani.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Niliogopa mtamkata mgongo, abebwe kama gunia."

"Namba za kweli unazikumbuka?"

"Zote."

Daktari akampa kalamu. Karani aliandika huku machozi yakidondokea ukurasa: saba, saba, nane, nane. Wakati huo Daktari alimlaza Baba kitandani, akaweka kiganja juu ya vidole vya mguu wake. "Inua." Mguu wa kulia ulikisukuma kiganja. Wa kushoto ulijitahidi tu.

Baba alipigwa picha nyingine. Waliporudi kwa majibu, Mama naye alikuwepo. Daktari alichora pingili mbili za uti wa mgongo, na katikati yake diski, kama mto mdogo uliobonyea. Diski hiyo imechakaa, alisema, na inabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni.

"Tunaweza kuziunganisha pingili hizi zisisogee tena. Au kuitoa diski na kuweka ya bandia, ili mgongo uendelee kukunjika. Hiyo haimfai kila mtu, ila mifupa yako ni imara na viungo vya nyuma ni vizima. Tena hatukati mgongoni. Tunapitia tumboni."

"Nitainama tena juu ya vichwa vya watu?"

"Natarajia, lakini siahidi. Kuna hatari ya kutoka damu, ya kidonda kuingia vijidudu, na maumivu huenda yasiishe yote."

"Nikikataa?"

"Mguu unaweza kuzidi kudhoofika. Ukikaa hivyo muda mrefu, huenda nguvu zisirudi."

Walilipima jambo hilo nyumbani kwa siku tatu. Mama alisema, "Mgongo ni wako, mume wangu, siwezi kukuamulia. Mimi nitakuuguza kwa vyovyote." Siku ya nne Baba alikwenda kutia sahihi ya kukubali upasuaji.

Siku moja baada ya upasuaji, Baba alisaidiwa kusimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Baada ya miezi mitatu alirudi kazini, nusu siku tu. Baadhi ya asubuhi mgongo bado ulimuuma kidogo, lakini kiatu hakikuburuta tena.

Siku yake ya kwanza kazini, Baba alipokuwa akinoa wembe, Karani alimwuliza kama bado amemkasirikia.

"Nilikasirika," Baba alisema. "Sasa basi. Lakini sikiliza, mwanangu. Mteja mwenye kipele kichwani akinificha kwa kuogopa wembe, huyo ndiye ninayemkata. Akinionyesha, nampitia pembeni. Kuogopa si kosa. Siku nyingine ukiogopa, niambie mimi, tuogope wote wawili. Daktari mwachie ukweli, maana ndio anaofanyia kazi."