Picha Yenye Mkia

Picha iliyotokea kwenye kioo cha kompyuta ya duka ilikuwa ya Chiriku, hilo halikuwa na ubishi: kovu dogo juu ya nyusi, jino la mbele lililompanda mwenzake, hata shati lile lile alilovaa asubuhi hiyo. Ila hakuna aliyeipiga. Kamera ya duka ilikuwa kabatini, betri imetolewa.

"Wewe mtoto, umejipiga saa ngapi?" Bi Wino alimwuliza mdogo wake.

"Mimi? Na mikono imejaa karatasi hivi?" Chiriku alicheka. "Labda kompyuta imenipenda, dada. Si unajua mimi si wa kupitwa hivi hivi!"

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wateja walikuja kuchapa karatasi moja wakajikuta wamekaa, wanasikiliza visa. Bi Wino, ambaye vidole vyake vilikuwa na madoa hata siku za mapumziko, alimlea tangu wazazi wao walipofariki, na sauti ile ndiyo iliyomfanya asione jinsi nyumba yao ilivyobaki tupu.

Chiriku akaibofya picha mara mbili. Haikufunguka. Kioo kilizima, kikawaka, na duka zima likanuka nywele zilizoungua.

"Dada, mbona ime..." Neno likakatika kama uzi.

Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Akajishika koo. Machozi yalimtiririka bila hata kwikwi.

Fundi wa kompyuta alipoitwa alikuja na utani wake. "Chiriku kanyamaza? Basi leo ndiyo kiyama." Lakini alipokitazama kioo, utani ukamwisha.

"Picha zako zina mkia gani mwisho wa jina?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jpg."

"Na hii?"

Bi Wino akainama. Mwisho wa jina paliandikwa exe.

"Hiyo si picha," Fundi alinong'ona. "Ni programu. Chui ndani ya ngozi ya kondoo. Ukiibofya huitazami, unaiamuru ianze kazi."

Alijaribu kuifuta, kompyuta ikajibu kwamba faili linatumika. Akaitafuta kati ya programu zinazoendelea, akaizima. Ikarudi kabla hajainua kidole. Kinga ya virusi ikaipekua na kusema ni safi. Na kila alipoigusa, faili liliongezeka uzito, na Chiriku pale kwenye stuli alijikunja kama nguo inayokamuliwa.

"Virusi nimeviona vya kila namna," alisema Fundi, jasho likimtoka. "Hiki kina pumzi. Hili ni jini, dada yangu. Nakwenda kuchukua diski yangu ya kuwashia mashine. Tukiwasha kwa hiyo, litakuwa limelala, nitalifuta usingizini. Mpaka nirudi, usichomeke flashi. Yoyote ile! Likipata njia ya kutoka, litazaa."

"Na sauti yake?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Huenda ikafutika nalo."

Alipotoka tu, spika zikakohoa, ingawa waya wake ulikuwa umechomolewa.

"Dada."

Ilikuwa sauti ya Chiriku, yenyewe hasa, na kile kicheko kidogo nyuma yake.

"Dada, ni mimi. Huku ni pembamba, na kuna wengine wananikanyaga. Usimwache anifute. Nihamishie mashine nyingine, nitapata pa kutokea. Tafadhali, dada, niliye naye ni wewe tu."

Chiriku wa kwenye stuli alitikisa kichwa, hapana, hapana, akiuvuta mkono wa dada yake kwa nguvu zote, lakini Bi Wino hakugeuka kumtazama, kwa maana mdogo wake aliyemjua alikuwa ni sauti kwanza na uso baadaye, na sauti ilikuwa upande ule wa kioo, inalia, inamwita, inazidi kuwa nyembamba kama ya mtu anayeshushwa kisimani.

Ndipo Mshonaji wa duka la jirani akaingia, mtoto wake wa kiume kiunoni akipayuka maneno yasiyo na mpangilio.

"Jirani, nitilie ile mitindo ya magauni humu." Akanyoosha flashi. "Nikaitazame kwenye mashine yangu. Chiriku, mbona kimya, umemnunia nani?"

Chiriku akaruka kuinyang'anya. Bi Wino akamsukuma, akaanguka kati ya maboksi ya karatasi.

"Mwache, ana homa," alisema Bi Wino.

Akaichomeka. Akaiweka picha pamoja na mitindo, na vidole vikafanya kazi yake ya kila siku. Katika duka lile faili halikatwi kamwe, lisije likapotea umeme ukizima katikati, hunakiliwa. Mikono yake haikujua njia nyingine.

"Asante, jirani. Mungu akuzidishie."

"Amina," akajibu Bi Wino, bila kupepesa macho.

Akakaa kusubiri. Kati ya maduka hayo mawili palikuwa na ukuta wa mbao tu, na kupitia huo alisikia kompyuta ya Mshonaji ikiwaka, akasikia mtoto akipiga kelele za furaha kwa kuiona picha nzuri ya dada wa jirani, akasikia kidole kidogo kikibofya na kubofya, kisha kelele zikakatika, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya kwenye nyufa za mbao taratibu, kama mgeni anayejua kwamba mlango hautafungwa.

Fundi akarudi na diski yake. Alinusa, akasimama mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Nimemhamisha. Ameomba mwenyewe."

"Ulikata, au ulinakili?"

Bi Wino akatazama vidole vyake. Kwenye kioo, picha bado ilikuwa pale pale, inatabasamu.

Nyuma yake Chiriku akakohoa. Akainuka kutoka kwenye maboksi, akashika koo, na sauti ikatoka. Bi Wino akageuka na mikono imekwisha kufunguka kumkumbatia.

"Dada," akasema Chiriku, kwa sauti ya yule mtoto mdogo ambaye ulimi wake haujakomaa, "ndiyo nini hii?"

Ndani ya spika, Chiriku wa zamani akacheka.

Na nyuma ya mbao Mshonaji alikuwa akibembeleza: "Lia basi, baba. Lia hata kidogo, mama akusikie."