Mfuko Mwekundu wa Mtani

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstari, wanafunzi wa shule yetu ya msingi hapa Bukene hufagia uwanja. Wadogo huokota makaratasi, wakubwa hushika fagio. Wakati wa kiangazi, lo! Vumbi linalopanda hapo huingia puani, masikioni, mpaka kwenye uji. Minza wa darasa la sita alipenda kufagia upande wa reli, maana treni ya Mwanza ikipita, unawapungia abiria mkono na hakuna mwalimu wa kukukemea.

Siku hizo aliwahi shuleni kwa sababu nyingine pia: Madamu Lesedi.

Madamu Lesedi alitoka Botswana, amejitolea kufundisha watoto kwa njia ya michezo. Siku alipofika, watoto walijipanga barabarani wakimngoja mzungu. Akashuka kwenye bodaboda dada mweusi kama wao, kilemba kichwani, mpira kwapani.

"Sasa mgeni yuko wapi?" Ngassa akamwuliza.

"Mgeni ni mimi," akajibu. Watoto wakacheka, kisha wakaona haya.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini ufundishaji wake, acha tu! Jedwali la kuzidisha walilijifunza kwa kuruka kwenye miduara iliyochorwa chini. Malaria waliisoma kwa mchezo wa mbu na chandarua: wengine mbu, wengine wameshikana mikono kuwazuia. Minza, ambaye zamani hesabu zilimtoa machozi, sasa ukimwuliza saba mara nane anakujibu kabla hujafunga mdomo.

Jioni moja Minza alimsimulia habari za madamu bibi yake, Bibi Ngollo, aliyekuwa anamenya karanga.

"Kapita wapi mpaka kufika hapa?" bibi akauliza.

"Dar es Salaam, halafu Tabora, ndipo huku."

"Haya! Hiyo si njia ya misafara? Babu zetu waliipita wakiwa na mizigo mabegani, na watu waliokutana nao njiani ndio wakawa watani wetu. Basi huyo naye ni mtani wenu. Mtanieni! Zamani, mjukuu wangu, mtani alikukamatia kuku wako mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kumwita mwizi. Ila sasa, utani nao una..."

Minza hakungoja kusikia utani una nini. Alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumtafuta rafiki yake Recheli.

Madamu Lesedi alikuwa na mfuko mdogo mwekundu ambao daima aliufunga kiunoni. Alipotaka kuonyesha mruko mgumu tu ndipo alipouvua na kuutundika kwenye mwamba wa goli. Watoto walibishana kuhusu kilichomo. Ngassa alisema ni simu. Recheli alisema ni pipi.

Kesho yake, mfuko ulipotundikwa, Minza aliunyakua. Akazunguka nyuma ya jiko la shule, akauchomeka katikati ya magunia ya mahindi kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa Mzee Masolwa, mbeba mizigo wa shule.

"Wewe, unafanya nini?" Recheli akanong'ona.

"Namtania mtani. Tulia, kipindi kikiisha namrudishia."

Filimbi ikalia. Mbu wakakimbia, chandarua kikawakimbiza, na vumbi likapanda mpaka goli la upande wa pili halikuonekana. Madamu Lesedi akakohoa. Akakohoa tena, akasimama, akapeleka mkono kiunoni. Kisha akaenda golini haraka.

"Mfuko wangu," alisema. "Nani ameona?"

Watoto wakacheka. Minza ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Tafadhali. Mfuko... uko wapi?"

Safari hii kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Akapiga magoti, mikono imeshika ardhi, mabega yakipanda na kushuka. Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu Theodora akaja mbio kutoka ofisini. "Pumu hii! Mama yangu alikuwa nayo. Madamu, dawa yako iko wapi?"

Madamu Lesedi hakuweza kusema. Akagusa kiuno chake, kisha akaonyesha kwa vidole namna ya kubonyeza kitu mdomoni.

Minza akaelewa. Haikuwa simu. Haikuwa pipi. Alitimka mpaka nyuma ya jiko, na pale alipouacha mkokoteni palikuwa na kinyesi cha ng'ombe tu.

"Masolwa kaenda mashineni kusaga unga wa uji," mpishi alimwambia. "Vipi, unamtakia nini?"

Minza alirudi uwanjani mbio. Mwalimu mkuu, Mwalimu Sixbert, alikuwa ameshaamuru mabegi yote yamwagwe chini. Alikuwa amemshika Ngassa bega, kwa kuwa muhula uliopita alikutwa na kalamu ya mwenzake.

"Ngassa, toa mfuko! Mtu anakufa hapa!"

"Haki ya Mungu, mwalimu, sijauchukua!" Ngassa alilia.

Minza aliogopa. Aliogopa viboko, aliogopa kufukuzwa shule, na zaidi ya yote aliogopa ile pumzi aliyoisikia, nyembamba, inayokatika. Akisema, atajulikana kijiji kizima kuwa ndiye aliyemuua mgeni. Akinyamaza, nani atajua? Recheli tu. Recheli alikuwa anamtazama, macho yamejaa machozi.

Minza akajipenyeza mbele.

"Ni mimi! Mwalimu, ni mimi! Uko kwenye mkokoteni wa Mzee Masolwa, kwenye magunia! Ameenda mashineni!"

Mwalimu Sixbert akainua mkono. Minza akafumba macho kungoja kofi. Badala yake alivutwa. "Panda pikipiki. Utanionyesha!"

Walipofika tambukareli, pale barabara inapokatiza reli, treni ya mizigo ilikuwa inapita. Behewa, behewa, behewa jingine. Mwalimu alipiga honi bure. Minza, ambaye hakuwahi kuiacha treni ipite bila kuipungia, aliuficha uso mgongoni mwa mwalimu wake, akalia. "Mungu wangu, asife. Asife, tafadhali."

Mashineni alirukia mkokoteni, akasukuma gunia moja, akasukuma la pili. Mzee Masolwa alipayuka, "We mtoto, una wazimu?" Mfuko ulikuwa chini kabisa, umejaa pumba. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha dawa ya kuvuta.

Waliporudi, midomo ya Madamu Lesedi ilikuwa na rangi ya majivu. Mwalimu Theodora alimshikia kichupa mdomoni, akabonyeza. Akangoja, akabonyeza tena. Polepole mluzi ule ukapungua, na Madamu Lesedi akainua kichwa. Ndipo walipomkimbiza kituo cha afya.

Siku madamu aliporudi shuleni, Minza aliitwa ofisini, na Bibi Ngollo naye akaitwa. Fimbo ilikuwa mezani. Minza alivua kandambili mlangoni, akaingia, akapiga magoti.

"Nisamehe, madamu. Nilidhani natania. Na Ngassa aliteswa kwa ajili yangu, nimeshamwomba radhi."

"Ulikimbia kabla sijamaliza!" bibi alifoka. "Ukimficha mtani kitu chake, unakaa hapo hapo umwone. Akikiulizia mara ya pili, unampa. Huo ndio utani wetu. Kuchukua na kutoroka ni wizi kama wizi mwingine."

Madamu Lesedi akakohoa kidogo. "Mimi pia nimekosa. Nina pumu toka mtoto. Niliogopa, nikisema, watanirudisha nyumbani. Nikanyamaza."

Bibi Ngollo aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa. "Sikilizeni, wanangu. Kuogopa si dhambi, hata mimi naogopa mengi. Lakini mmoja aliogopa kusema anaumwa, mwingine akaogopa kusema amekosa, na kidogo tuchimbe kaburi. Ugonjwa usemwe mapema, na kosa lisemwe mapema. Ukweli ukichelewa, anayeumia ni mwenzako."

"Maneno hayo yametosha," Mwalimu Sixbert alisema, akairudisha fimbo kabatini. "Nami nitamwomba Ngassa radhi mbele ya mstari, maana nilimhukumu bila ushahidi. Dawa nyingine ya madamu itakaa ofisini kwa Mwalimu Theodora. Na wewe Minza, kila asubuhi utamwagia uwanja maji kabla haujafagiwa, mpaka mvua zianze."

"Ndiyo, mwalimu."

Madamu Lesedi alitangulia kutoka, kisha Minza akafuata, machozi yakimtiririka kwa nafuu. Mlangoni kulikuwa na kandambili moja tu. Akainama, akatazama chini ya benchi, akatazama nyuma ya ndoo. Hakuna kitu.

"Kandambili yangu iko wapi?"

Madamu Lesedi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama juu kama anayehesabu mawingu. Minza akajifuta machozi.

"Madamu, kandambili yangu iko wapi?"

"Umeuliza mara ya pili," Madamu Lesedi alisema, akaitoa nyuma ya mgongo wake na kumkabidhi. "Chukua, mtani wangu."