Kufuli Jekundu la Mama

Kila asubuhi mama yake Kidoti hupanga vifaa vyake vya kazi: bisibisi, spana, glavu na kufuli jekundu. Mama ni fundi wa mashine za kufungashia biskuti. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya mashine, huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli hilo na kuuvaa ufunguo shingoni.

Siku hiyo Kidoti alilichukua kimyakimya, kufuli na ufunguo wake. Kalamu zake zilikuwa zinaibwa darasani, naye alitaka kufunga sanduku lake. Alijiambia kwamba mama hatakosa jingine.

Akiwa darasani alikumbuka maneno aliyosema mama wakati wa chai ya asubuhi: "Leo tunabadilisha kisu cha mashine." Bila kufuli, mtu angeweza kuwasha umeme mkono wa mama ukiwa ndani! Aliomba ruhusa kwa mwalimu, akalichomoa kufuli kwenye sanduku, akatimua mbio hadi kiwandani, nyuma tu ya shule.

Langoni alikuwapo mlinzi aliyeitwa Mzee Saba. Zamani alikuwa fundi. Mashine ilimbakishia vidole saba, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mzaha.

"Watoto hawaingii humu, mjukuu wangu."

Kidoti alitaka kudanganya kwamba ameleta dawa. Kisha akakiona kiganja cha mzee chenye vidole viwili tu.

"Babu, nimeiba kufuli la mama!"

Mzee alimshika mkono, wakakimbia.

Ndani, biskuti zilikuwa zimerundikana. Mama alikuwa ameinama, mkono umezama mashineni hadi kwenye kiwiko. Upande wa pili, mwendesha mashine, ambaye hakumwona, alikuwa ananyoosha kidole kuelekea kwenye swichi ili aiwashe.

"Acha! Kuna mtu!" Mzee Saba alipiga kelele.

Kidole kiliishia hewani. Mama aliuchomoa mkono, mzima. Kidoti alimkumbatia huku akilia.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyelichukua."

"Hata mimi nimekosa, mwanangu. Nililitafuta nikalikosa, msimamizi akanihimiza, nikasema ni dakika moja tu."

"Nami nilisema hivyohivyo," alisema Mzee Saba akihema. "Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, ikaenda shule! Mjukuu wangu, usichukue kitu cha mtu bila kuomba. Hujui kinamlinda na nini. Nawe fundi, kufuli likikosekana, kazi isimame. Biskuti zitaokwa nyingine. Vidole havioti tena."