Waridi Lililooshwa Mizizi Kama Kabureta

Ujumbe uliingia Fundi akiwa hata hajanawa uso.

"Leo saa nne nakuja na dada kuchukua maua yangu. Nisikukute hapo."

Nguo zake mkewe alishazichukua wiki iliyopita. Vyombo alisema baki navyo. Kilichobaki ni vile vyungu na zile ndoo za rangi alizopandia maua, zimejipanga kibarazani. Zikiondoka hizo, ndoa kwisha habari yake.

Sasa mwanaume aliyechanganyikiwa usimpe jembe. Fundi alikurupuka, akaziburuta pikipiki mbovu zote zilizolala mbele ya nyumba tangu waoane, akachimba tuta, akahamishia maua yote ardhini. Mpaka jua linachomoza vizuri, alikuwa amejaa tope mpaka masikioni, anajiona ana akili kuliko wote.

Pikapu ikasimama. Akashuka Nesi, mkewe, kavaa miwani ya jua kuficha macho yaliyovimba. Nyuma yake dada yake, mdomo ukiwa kazini tayari.

"Shemeji, hukuambiwa upotee?"

"Nimeambiwa, shemeji. Miguu ndiyo imegoma."

Nesi hakucheka. Alikuwa anatazama vyungu vyake, vitupu, vimesuguliwa vinang'aa.

"Maua yangu yako wapi?"

"Hayo hapo, mke wangu. Tuta lako. Lile ulilokuwa unaniomba. Ukitaka kuondoka nayo, beba na kiwanja."

"Makubwa!" Dada akashika kiuno. "Mwizi kasimama hadharani, na meno nje!"

"Waridi la mama," Nesi alisema kwa sauti ndogo. "Liko wapi?"

Tabasamu la Fundi likaanza kupinda. Waridi lilikuwa katikati ya tuta, limeinama kama mtu aliyefeli mtihani. Mama yake Nesi alimkatia tawi lile kwa mkono wake, muda mfupi kabla ya kufariki. Nyumba ya mama ikauzwa, bustani ikamwagiwa zege. Hilo ndilo lilikuwa limebaki.

"Ulilipandaje?"

"Vizuri tu. Nilikung'uta udongo wote wa zamani, nikaosha mizizi kwa brashi mpaka ikawa myeupe..."

"Uliosha mizizi?"

"Si lazima? Kabureta ya pikipiki huirudishi na uchafu wake."

"Fundi! Ile mizizi midogo ndiyo inayokunywa maji! Umeisugua yote!"

Nesi akapiga magoti. Miwani ikaanguka, hakuiokota.

"Miaka yote nakuomba kipande cha ardhi hapa mbele. Ukasema kesho. Pikipiki za watu zimepewa nafasi, mimi nalea maua kwenye ndoo kama mpangaji. Leo ndiyo umechimba. Umechimba ili umzike mama tena."

Fundi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza, hakukuwa na utani ndani.

"Niambie nifanye nini. Chochote."

"Kivuli. Sasa hivi."

Akakimbia ndani, akang'oa shuka kitandani, akalinyoosha juu ya waridi kwa mikono miwili. Chini yake Nesi anapunguza matawi, analia, anamwagilia kidogo kidogo.

"Shemeji, ukichoka useme," Dada alimwambia.

"Sichoki."

"Nauliza tu, ili nifurahi."

Pikapu iliondoka tupu, maana kuyang'oa maua tena siku hiyo kungeyaua yote. Fundi alikatakata vyuma vya pikipiki mbovu akachomelea kibanda, akakifunika kwa lile shuka. Yeye akalala kwenye godoro tupu. Nesi akawa anapitia asubuhi na jioni. Hakai, haingii ndani, hagusi hata maji. Anasimama, anatazama, anaondoka.

Fundi akawa anatuma ripoti kama yupo wodini.

"Mgonjwa kadondosha majani yote."

"Maji kidogo. Usimzamishe."

"Na mimi je?"

Hakujibiwa.

"Tawi kubwa limekuwa jeusi."

Safari hii Nesi alipiga simu. Sauti ilikuwa imekauka.

"Ling'oe, Fundi. Nimechoka kuja kutazama kijiti. Kesho nachukua vyungu, tumalizane."

"Mke wangu..."

"Ling'oe."

Simu ikakatwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Alichukua jembe, akalinyanyua, akalishusha. Akachuchumaa. Akakwaruza gome kwa ukucha, kama alivyomwona Nesi akifanya, kutafuta kijani cha uhai. Kahawia. Chini kidogo. Kahawia. Akafukua udongo kwa vidole huku kamasi zinamtoka, mtu mzima na ndevu zake, akakwaruza tena.

Asubuhi Nesi alimkuta palepale.

"Nilikuambia uling'oe."

"Nimeshindwa. Kwaruza hapo chini."

Nesi akainama. Kijani. Na pembeni yake kichipukizi chekundu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Akakigusa kwa ncha ya kidole, kisha akamgeukia Fundi.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"Niletee chungu. Kile kikubwa."

Kilikuwa chungu cha waridi. Fundi alikileta amekikumbatia.

"Mke wangu, usilihamishe, halitastahimili. Kama ni kuondoka, nenda. Sikuzuii tena. Ila hili liache lipone, uwe unakuja kuliona. Siku ukija, mimi nitatoka."

Nesi alimtazama. Akampokonya chungu, akakipindua kando ya tuta, akakikalia.

"Nimesimama wiki nzima, miguu inaniuma. Chai ipo?"

"Ipo! Dakika moja!"

"We Fundi!" akamwita, mwenzake akiwa keshafika mlangoni. "Kikombe changu kioshe kwa sabuni. Siyo petroli."